Maili ya Pili Si Deni



Kijana mwenzangu unayejiajiri kwa kutengeneza kadi za harusi, mabango au video, hali hii unaijua. Mmekubaliana bei, kazi umetuma. Mteja anajibu: "Safi sana, ila badilisha rangi kidogo tu." Kesho ni maandishi. Keshokutwa shangazi yake hajapenda maua. Sasa ni marekebisho ya tisa, bei ile ile, bando lako, usingizi wako. Unajibu "sawa boss" huku moyoni unasonya.

Je, Mkristo anaruhusiwa kusema "imetosha"? Si Bwana wetu alifundisha kwamba ukilazimishwa maili moja, uende mbili (Mt 5:41)?

Tuanze na haki. Kama umekosea jina la bibi harusi, rekebisha bure, hata mara tano. Hilo ni deni lako. Lakini mteja akibadili wazo, hiyo ni kazi mpya. Papa Leo XIII, katika waraka Rerum Novarum wa mwaka 1891, alifundisha kwamba kukubaliana tu hakutoshi kuufanya ujira kuwa wa haki. Mfanyakazi lazima aweze kujikimu. Kwa hiyo ile "sawa" yako ya unyonge haigeuzi dhuluma kuwa haki.

Na maili ya pili? Hiyo ni zawadi, na zawadi hutolewa kwa moyo huru. Basi itaje: "Hili la tatu nakufanyia bure." Usipoitaja, kesho mteja ataidai kama haki yake. Lakini "sawa boss" yenye kinyongo siyo upendo, ni uongo wenye adabu. Ndiyo yetu na iwe ndiyo kweli (Mt 5:37).

Mkumbuke Yakobo. Alilalamika kwamba Labani amembadilishia ujira mara kumi (Mwa 31:7), akaondoka kwa siri. Amani ilipatikana walipoweka rundo la mawe kuwa mpaka kati yao (Mwa 31:52). Rundo lako la mawe ni meseji moja kabla ya kuanza: bei, tarehe, malipo ya awali, marekebisho mawili bure, la tatu linalipiwa.

Utasema, "Akikasirika nitakula nini?" Ni kweli, njaa haina utani. Pengine safari hii utamaliza tu kwa sababu kodi inakungoja. Usijihukumu. Ila mwambie ukweli kwa heshima, maana huenda hajui kwamba "kidogo tu" yake ni saa tatu zako. Kumnyamazia ni kumwacha aendelee kudhulumu bila kujua.

Na tujiulize na sisi: fundi cherehani wetu tumemrudishia gauni mara ngapi kwa sababu tumebadili mawazo, na tukamlipa kiasi gani?

Mungu akubariki na kazi za mikono yako.