Jasho la Kibarua na Hila ya Mwezi



Katika miji ya viwanda ya Thika na Ruiru, kila alfajiri watu husimama malangoni wakingojea kuchaguliwa. Aliyechaguliwa hupata ujira wa siku. Ya kesho hana hakika nayo. Kuajiri kwa siku si haramu. Lililo haramu ni hila.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yasema kwamba kibarua akitimiza siku za kazi mfululizo zisizopungua mwezi mmoja, huhesabiwa kuwa mfanyakazi wa mwezi, wala hafukuzwi bila ya ilani. Baadhi ya matajiri wafanyaje? Mwezi ukikaribia, humwambia akapumzike siku mbili, kisha humrudisha kama mgeni. Miaka yapita, naye ni kibarua yule yule.

Je, hamwajui watu wa Sabato? Walikatazwa kuvua Jumamosi, wakatega Ijumaa na kutoa samaki Jumapili, wakidhani wamemhadaa Mola wao. Mwajua lililowafika.

Mtume wetu (S.A.W.) ameamrisha mwajiriwa alipwe kabla jasho lake halijakauka, na ametufunza kwamba atakayetimiziwa kazi asitoe ujira, hasimu wake Kiyama ni Mwenyezi Mungu.

Basi wenye maduka na karakana miongoni mwetu, wa Thika na wa Mombasa, na wazihesabu leo siku za vibarua wao. Zaka haisafishi mali iliyodhulumiwa.

Wabillahi tawfiq.