Mbwa Aliyenyamaza

Kuna njia mbili za kumfunza mbwa, na hizi siku vifaa vya zote mbili vinauzwa mtandaoni na kuletwa hadi kwenye geti lako. Ya kwanza ni kola ya umeme: mkanda wa shingoni wenye betri, vyuma viwili vidogo vinavyogusa ngozi, na rimoti inayokaa mkononi mwako. Mbwa akikosea unabonyeza, anapigwa shoti. Kuna zile ambazo hata hazihitaji rimoti. Mbwa akibweka tu, kola inamchapa yenyewe. Kuna pia kola zenye meno ya chuma na minyororo inayobana koo mbwa akivuta. Njia ya pili ni chakula na subira: mbwa akifanya unachotaka anapata kitu anachokipenda, asipofanya hapati. Duka linaziweka kwenye ukurasa mmoja, kana kwamba tofauti yake ni kama ya sabuni ya unga na sabuni ya mche.

Kwenye ploti ninakoishi kuna mbwa ambaye hubweka tangu watu wanapotoka kwenda kazini hadi wanaporudi. Mimi hufanya kazi usiku na kulala mchana. Mwezi uliopita mpangaji mmoja alituma picha kwenye grupu yetu ya WhatsApp: kola ya kuzuia kubweka, na chini yake maneno, "Tuchange mia tatu tatu tumalize hii story." Dole gumba zikafuatana. Hakuna mtu kwenye ile ploti ambaye kimya cha huyo mbwa kingemfaidi kama mimi. Kwa hivyo haya ninayoyaandika siyaandiki kama mtu ambaye kelele hazimfikii.

Wacha tuanze na ukweli ambao wapenda wanyama wengi hawataki kuusema: maumivu yanafanya kazi. Mbwa akichomwa kila anapobweka, kuna uwezekano mkubwa atanyamaza, na pengine atanyamaza haraka kuliko kwa njia yoyote nyingine. Kama yasingefanya kazi, tusingekuwa na swali la maadili hapa. Tungekuwa tu na bidhaa mbovu ya kurudishwa dukani. Swali linakuwa gumu kwa sababu kitu hiki kinaleta matokeo. Hebu basi tuulize kinacholetwa ni nini hasa.

Mwaka wa 1967, huko Pennsylvania, Marekani, watafiti wawili, Martin Seligman na Steven Maier, waliwapiga mbwa shoti za umeme. Baadhi ya mbwa waliweza kuizima shoti kwa kusukuma kibao kwa kichwa. Wengine walipigwa shoti zilezile, lakini lolote walilofanya halikubadilisha kitu. Baadaye wote wakawekwa kwenye kisanduku ambacho kutoka kwake kulihitaji kuruka kizuizi kifupi tu. Wale wa kwanza waliruka. Wengi wa kundi la pili walilala chini, wakalia kidogo, wakaivumilia. Njia ilikuwa wazi mbele yao na hawakuitumia.

Jaribio hilo lenyewe ni ukatili, na sidhani leo lingeruhusiwa. Lakini kuna jambo ambalo halisimuliwi sana. Mwaka wa 2016 watafiti haohao walirudi na kuyasahihisha maelezo yao. Walikuwa wamesema mbwa wale walijifunza kukata tamaa. Sasa wakasema la, kulala chini hakufunzwi. Ndiko huja kwenyewe maumivu yakiendelea bila kikomo. Kinachofunzwa ni kile kingine: kujua kwamba unachokifanya kina uzito, kwamba unaweza kubadilisha kinachokupata.

Kwangu mimi hapo ndipo tofauti ya njia hizi mbili ilipo. Mbwa anayelipwa anajifunza kwamba dunia ina mlango na yeye anaweza kuufungua: nikikaa, kitu kizuri kinakuja, nikija ninapoitwa, kitu kizuri kinakuja. Anaanza kujaribu, anakutazama usoni kutafuta utakalo. Mbwa wa kola anajifunza orodha ya vitu asivyofaa kufanya, na orodha ikiwa ndefu, jibu salama zaidi ni kutofanya chochote. Ukimtazama kwa mbali utasema, huyu mbwa ana adabu.

Sisi tuliosoma shule za huku hatuhitaji mtafiti wa Pennsylvania kutueleza. Viboko shuleni vilipigwa marufuku nchini Kenya mwaka wa 2001, Katiba ya 2010 ikaweka msingi, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakazia. Lakini nani hapa hajachapwa? Darasa la sita tulikuwa na mwalimu wa hesabu aliyekuwa na mpira mweusi wa maji, na darasa lake ndilo lililokuwa kimya kuliko yote. Wageni walilisifu. Nilichojifunza mle ndani ni sauti ya viatu vyake. Hadi sasa naweza kukueleza vilivyolia kwenye sakafu ya saruji. Sehemu nilikuja kuzielewa baadaye, kwa mwalimu mwingine.

Najua methali utakayonijibu nayo: mchelea mwana kulia hulia yeye. Ni kweli, asiyeweka mipaka atajuta. Lakini methali haisemi mtoto lazima alizwe kwa kiboko. Kuna kilio cha kunyimwa, cha kuambiwa hapana na hapana ikabaki hapana. Mbwa anayeruka wageni akakuta kila mara wanamgeuzia mgongo naye amelipa gharama. Kufunza kwa zawadi kuna ukali wake. Mipaka ipo, hakuna tu maumivu.

Shida nyingine ya maumivu ni kwamba hayabebi maelezo. Mbwa huunganisha kinachompata na kilicho mbele yake sekunde hiyo. Chukua mbwa anayebweka watoto wa shule wanapopita getini. Wewe unadhani unamfunza "usibweke." Yeye anachokiona ni kwamba kila yunifomu ya shule inapotokea, shingo inachomeka. Huenda akaacha kubweka. Lakini sasa ana sababu ya kuwaogopa watoto, na umemwondolea ile sauti iliyokuwa ikiwaonya wasimkaribie. Siku atakapouma, watu watasema alimuuma mtoto bila hata kubweka.

Haya si maneno ya huruma tu. Mwaka wa 2020 watafiti wa Ureno walichapisha uchunguzi wa mbwa 92 kutoka shule mbalimbali za kufunza mbwa. Wale wa shule zilizotumia adhabu walionyesha dalili nyingi zaidi za wasiwasi wakati wa mafunzo, na homoni ya msongo ilipanda kwenye mate yao. Pia walipoonyeshwa bakuli ambalo hawakujua kama lina chakula au la, mbwa wa shule zenye adhabu kali zaidi waliliendea polepole zaidi, kama mtu ambaye hatarajii jema. Hawakuwa wanaadhibiwa wakati huo. Walikuwa wameibeba ile hofu hadi nje ya darasa.

Sasa nije kwenye pingamizi ninaloliheshimu, kwa sababu lipo. Kuna mbwa anayekimbilia barabarani, na Thika Road haina subira. Kuna mbwa wa shamba ambaye amezoea kuua kuku wa jirani, na jirani ameshasema ataweka sumu. Je, shoti moja si bora kuliko kifo? Ukiniuliza hivyo, bila njia ya tatu, nitasema ndiyo, ni bora. Lakini njia ya tatu ipo. Mwaka huohuo wa 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, walitoa matokeo ya mbwa 63 wenye tatizo hasa la aina hii, wale wasiorudi wakiitwa. Kundi moja lilifunzwa kwa kola ya umeme na wataalamu wa kola, kundi la pili na wataalamu haohao bila kola, la tatu kwa zawadi. Kola haikuleta faida yoyote ya ziada, na mbwa wa zawadi walitii haraka zaidi. Halafu kuna kitu kinaitwa kamba. Kuna ua. Mbwa aliyefungwa kamba ndefu haingii Thika Road wakati bado anajifunza. Mara nyingi tunaposema hatukuwa na njia nyingine, tunamaanisha hatukuwa na muda.

Pingamizi la pili ni la pesa. Mtu atasema, watoto wangu hawajala biskuti, nimnunulie mbwa? Lina uzito katika mji ambapo kuna wanaolala njaa. Lakini mbwa wako tayari anakula. Ugali wake na omena, au yale mapafu unayonunua kwa mchinjaji, unaweza kumpa kidogo kidogo akifanya kazi badala ya kummwagia yote kwenye sufuria moja. Mshahara tayari ulikuwepo, ulikuwa unalipwa bure tu. Kola ndiyo inayohitaji pesa mpya.

Na la tatu, ambalo nalipenda kwa sababu ni la Kikenya kabisa: kwani kumpa mbwa kitu ndio akutii si ni kitu kidogo? Si ni chai? Hapana. Chai hutolewa kabla, ili mtu afanye alichostahili kufanya au afumbe macho. Malipo huja baada ya kazi. Ukimwonyesha mbwa nyama ndio akubali kukaa, hapo umemhonga, na atakuwa kama wengine tunaowajua, hasogei bila kuona mkono wako. Ukisubiri akae ndio umpe, umemlipa. Nakubali kwamba hata malipo ni njia ya kumtawala. Bado mimi ndiye ninayeshika chakula. Lakini kuna tofauti kati ya mamlaka ambayo mtawaliwa anaweza kuyakataa akabaki bila nyama, na yale ambayo akiyakataa anachomwa.

Kama bado unaona haya ni mambo ya mabalozi wa Muthaiga na mbwa wao wanaonyolewa, angalia Morogoro. Shirika la APOPO hufunza panya buku wa Kiafrika pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Tanzania, kunusa mabomu yaliyozikwa ardhini. Njia yao ni mlio mdogo wa "tik" ukifuatwa na ndizi au njugu. Mmoja wao, Magawa, aligundua zaidi ya mabomu na vilipuzi 100 nchini Kambodia, na mwaka wa 2020 akapewa medali ya dhahabu ya ushujaa na shirika la PDSA la Uingereza. Fikiria kazi yenyewe. Mtu atapita pale panya alipopita. Unamhitaji mnyama anayetaka kukwambia alichokinusa. Mnyama anayeogopa kukosea atanyamaza, na hapo kimya kinaua.

Sheria yetu ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inaorodhesha miongoni mwa makosa kumpiga mnyama kikatili, kumtesa, na hata kumtia hofu. Haitaji rimoti. Wales ilizipiga marufuku kola za umeme mwaka wa 2010; sisi bado tunaachiwa dhamiri. Na rimoti inaichezea dhamiri vibaya. Mtu akimpiga mbwa kwa fimbo, anaona, anasikia, mkono wenyewe unachoka, majirani wanachungulia. Kola inayojifyatua inaondoa mashahidi wote hao. Inamchapa mbwa nikiwa nimelala, na nikiamka naona tu kwamba nililala vizuri.

Kwenye grupu niliandika kwamba sitachanga. Kuna aliyenijibu, "Basi wewe ndiye utambebeleza?" Nikateremka kumuuliza soja, ambaye ndiye hukaa naye mchana kutwa. "Mzee, huyu mbwa ana shida gani?"

"Hana shida, kijana wangu. Amefungwa mnyororo mfupi, jua la saa sita linamkuta hapo, na anaona miguu tu ikipita chini ya geti. Hata mimi ningebweka."

Mwenye mbwa ni mama mmoja wa nyumba za chini, anayetoka saa kumi na moja asubuhi na kurudi usiku. Alimchukua mbwa baada ya kuvunjiwa nyumba. Hakuna mtu mbaya kwenye hadithi hii. Tulikubaliana mnyororo urefushwe na uhamishiwe nyuma, kwenye kivuli, mbali na geti. Soja humpa kipande cha chakula chake watu wakipita naye akanyamaza, na jioni mtoto wa nyumba ya tatu humtembeza. Bado anabweka. Amepungua, lakini kuna siku naamka saa saba mchana nikimsikia, na siku hizo ile mia tatu huniita kwa sauti tamu sana.

Huwa najikumbusha kwamba kubweka kwake kulikuwa habari, na habari yenyewe ilikuwa ya kweli: mnyororo ni mfupi, jua ni kali, siku ni ndefu. Kola ingeiacha habari hiyo ilivyo. Mnyororo ungebaki mfupi na jua lingebaki pale pale, ila hakuna yeyote kati yetu angejua tena. Njia ya zawadi inatugharimu sisi: muda, usingizi, kuteremka ngazi kuuliza. Kola inaihamishia gharama hiyo yote shingoni mwa asiye na grupu ya kulalamikia. Unapochagua kati ya hizo mbili, usiulize tu ipi itamnyamazisha mbwa. Uliza ni nani atakayelipia kimya hicho, na kama ungekubali kulipa kwa sarafu hiyohiyo.