Kuondoa Udhia Njiani kwa Simu
Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa kuondoa udhia njiani ni tawi la imani. Jiwe nitaliondoa kwa mkono wangu. Mtaro ulio wazi, ambamo mtoto aweza kutumbukia, siuwezi peke yangu. Uingereza, tangu 2007, watu huripoti mashimo na taa mbovu kwa halmashauri zao kupitia FixMyStreet. Hapa Uganda mwenyekiti wa LC1 yu karibu nasi, na simu anayo. Lakini wengi huupiga picha mtaro huo, wakaisambaza WhatsApp kwa kicheko, basi. Ndugu, picha hiyo ni ushahidi, na ushahidi ni amana: mtumie mhusika, taja mahali, usitie chumvi, kisha fuatilia. Wallahu a'alam.