Sanamu Njiani

Mji wa Jiddah, katika miaka ya 1970 na 1980, zamani za mkuu wa mji Mohamed Said Farsi, ulisimamisha sanamu nyingi njiani na ufukoni, nyingine kazi za mafundi kama Henry Moore. Zilichaguliwa zisizo na sura ya mtu. Vema, maulamaa wameharimisha sanamu ya chenye roho. Lakini huko ni kutazama umbo tu. Na njia je? Imamu Nawawi katika Minhaji amekataza kujenga baraza au kupanda mti katika njia ya watu wote, na ipo kauli kwamba isipodhuru yajuzu. (Watu wa Lamu, wakaao mabarazani kila jioni, na wayapime haya.) Mwenye kutawala mji hamiliki njia, ameiwekewa amana kwa ajili ya kipofu na mchukuzi. Basi ikiwa mti wenye kivuli na tunda umezuiwa, sanamu isiyolisha wala kufunika yapita kwa hoja gani?