Waliosimama Sokoni

(Somo: Mathayo Mtakatifu 20:1–16)



Kitabu cha Sala cha zamani kimeweka mfano wa wafanya kazi katika shamba la mizabibu usomwe Jumapili ya tatu kabla ya Kwaresima. Mwenye shamba alitoka alfajiri kutafuta watu, akatoka tena saa tatu, saa sita na saa tisa, na mwisho akatoka saa kumi na moja. Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna bahati, maana saa zetu ni zile zile za Injili. Hatuna haja ya kufafanuliwa kwamba saa kumi na moja jua limekwisha kulegea, na muda wa kazi uliobaki ni mfupi sana.

Mara nyingi mfano huu huhubiriwa kwa ajili ya malipo yake, kwamba wa mwisho alipewa dinari moja sawa na wa kwanza. Leo tulitazame jambo lililotangulia malipo. Saa kumi na moja mwenye shamba aliwakuta watu wangali wamesimama, akawauliza kwa nini wapo pale mchana kutwa bila kazi. Wakamjibu kwamba hapana mtu aliyewaajiri. Naye hakuwabishia. Hakuwaita wavivu, wala hakusema wamechagua kazi. Alilipokea neno lao, akawapeleka shambani.

Ndugu, watu wa saa kumi na moja tunao katika mtaa wetu, na wengine tunakaa nao benchi moja kanisani.

Sisi tulioingia vyuo vya ualimu katika miaka ile ya 1970 na 1980 tulikuta hali nyingine. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka watoto wote wa umri wa shule waandikishwe ifikapo mwaka 1977. Walimu wakahitajika kwa maelfu, hata vijana waliomaliza darasa la saba wakajifunza ualimu huku wanafundisha. Mwanachuo wa siku zile hakuuliza kama atapata kazi, bali aliuliza atapangiwa mkoa gani.

Leo sivyo. Mwezi Juni 2014 watu zaidi ya 10,000 walikusanyika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kufanya usaili wa nafasi 70 za Uhamiaji. Mwanzoni mwa mwaka 2025 waombaji wa ualimu zaidi ya 200,000 walishindania nafasi zisizofika 15,000. Tuifanye hesabu hii kama tulivyowafundisha watoto: katika kila watu 13, nafasi ilikuwa ya mmoja. Hata kama wote wangekuwa hodari, na wote wamefunga na kuomba, watu 12 wangerudi nyumbani mikono mitupu. Basi tusimwambie kijana kwamba imani yake ni haba. Upungufu huo u katika hesabu ya nafasi, haumo moyoni mwake.

Tena kusimama sokoni kwenyewe ni kazi ngumu. Mtafuta kazi hutakiwa kupeleka nakala za vyeti zilizothibitishwa na wakili, na majina ya wadhamini watatu. Hujaza maombi yake katika mtandao wa Sekretarieti ya Ajira, pengine usiku wa manane, kwa kuwa mchana mtandao haufunguki. Akiitwa, kuna usaili wa mchujo, kisha wa mahojiano, na kwa kazi nyingine wa vitendo pia. Nauli ni juu yake. Aliyefaulu lakini nafasi zikajaa jina lake huwekwa katika kanzidata, naye husubiri. Akiomba kwa watu binafsi huambiwa alete uzoefu wa miaka mitatu, naye hajapewa hata siku moja ya kuanzia. Wengi hawajibiwi kabisa, na kimya hicho huumiza kuliko kukataliwa. Kisha Jumapili, akitoka ibadani, shangazi humwuliza mbele ya watu, "Bado hujapata tu?"

Wako wanaoshika neno la Mtakatifu Paulo kwa Wathesalonike, Waraka wa Pili, sura ya tatu, kuwasema vijana hawa kila wanapoketi mezani. Na tulisome neno lile kama tulivyosoma sarufi darasani. Paulo anamtaja mtu ambaye *hataki* kufanya kazi. Hakumtaja ambaye *hapati*. Kutaka na kupata ni vitenzi viwili. Katekisimo yetu humfundisha mtoto kwamba ni wajibu wake kujifunza na kufanya kazi kwa uaminifu apate riziki yake. Kijana aliyejifunza amekwisha kutimiza nusu ya wajibu ule, na nusu ya pili anaiomba mlangoni kwetu.

Ndiyo, mlangoni kwetu. Maana miongoni mwetu wako wenye maduka, wakuu wa shule, wasimamizi wa ujenzi, na wanaoketi katika meza za usaili. Kwenu ninyi Maandiko yana neno. Kumbukumbu la Torati 16:19 hukataza kupendelea watu na kupokea rushwa. Nafasi aliyopewa mtoto wa rafiki asiyestahili imeondolewa katika mkono wa mtoto wa mjane aliyestahili, hata kama hakuna shilingi iliyopita chini ya meza. Walawi 19:13 hutuagiza ujira wa kibarua usilale kwetu hata asubuhi. Basi mwalimu wa kujitolea asiachwe mwaka mzima kwa ahadi tu, huku mwenye shule anapokea ada.

Nanyi vijana, tuna neno kwenu pia. Wale watu wa sokoni hawakuona aibu kuonekana wamesimama, nanyi msijifiche. Fanyeni kazi iliyopo, hata kama si ile iliyoandikwa katika cheti, kwa maana mkono uliozoea kazi haupotezi kitu. Lakini msimpe fedha mtu yeyote anayedai atawaingiza kazini. Maombi ya kazi za Serikali hayalipiwi, na anayedai malipo ni tapeli.

Je, mtaa wetu ufanye nini? Kuajiri wote hatuwezi. Lakini mwenye shamba alitoka mwenyewe mara tano, hakungoja wamfuate, nasi twaweza kutoka. Matangazo ya kazi yabandikwe katika ubao wa kanisa kila Jumapili. Kompyuta ya ofisi ifunguliwe jioni mbili kwa juma, vijana wajaze maombi yao bila malipo. Wazee wa Kanisa wenye sifa wakubali kuwa wadhamini, na wakipigiwa simu wapokee. Umoja wa Akina Mama na Halmashauri ya Mtaa watenge mfuko mdogo wa nauli kwa walioitwa kwenye usaili. Na sisi walimu wastaafu tuwape mazoezi ya mahojiano, kazi ambayo bado nguvu tunayo.

Dinari ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku moja, chakula cha nyumba yake. Watoto wa mtu aliyeajiriwa saa kumi na moja hawali kidogo kuliko watoto wa aliyeanza alfajiri. Mwenye shamba alilijua hilo, ndiyo sababu alitoka tena jua likiwa linakwenda kutua.

Tuombe: Ee Bwana, uliyefanya kazi ya mikono Nazareti, uwakumbuke waliosimama tangu asubuhi. Uwape kazi, na kabla hawajaipata uwape heshima machoni petu. Amina.