Mgeni Akae Barazani

Wanangu wa Mingoyo, nawaona wengi mmefunga intaneti majumbani, kisanduku cha rauta kiko juu ya kabati kinamemeteka taa, nami nimefurahi. Ila kuna jambo lilinifika mwenyewe, sitaki liwafike nanyi.

Mwezi mmoja bando la nyumbani lilikwisha kabla ya wiki mbili. Usiku sote tumelala, taa za rauta zinapepesa bila kupumzika. Nikafungua ukurasa wa rauta, nikakuta kifaa nisichokijua. Sikumuuliza mtu. Nikamwendea kijana wa jirani, tena mbele ya mama yake, nikamwambia ananiibia. Kijana akainama, hakujibu neno.

Kumbe kifaa kile kilikuwa simu ya mjukuu wangu, aliyekuja likizo. Tangu mwaka 2019 na 2020 simu nyingi mpya hujibadilishia anwani zinapoingia kwenye waifai, ili mwenye simu asifuatiliwe, na kwa sababu hiyo rauta huziona ngeni. Na simu hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikila bando, ikituma picha na video kwenda kuhifadhiwa kila usiku. Kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kuingia kwenye mfumo wa mwenzio bila ruhusa ni jinai. Nilimtwika mtoto wa watu jinai kwa sababu ya kutohesabu vitu vya nyumbani kwangu.

Basi ninyi hesabuni kwanza. Chukua karatasi, andika kila chenye kutumia intaneti hapo ndani: simu, televisheni, kamera, kompyuta. Geuza rauta, chini yake pameandikwa anwani, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Iandike kwenye kivinjari ukiwa umeunganishwa na waifai hiyo, kisha tafuta orodha ya vifaa. Zima kimoja kimoja na utazame jina lipi limetoweka. Kitakachosalia ilhali vyako vyote vimezimwa, ukiacha hicho unachotazamia, hicho ndicho cha kushughulikia.

Katika kutafuta kwangu nilikuta kubwa kuliko bando. Neno la siri la kuingilia kwenye mipangilio lilikuwa bado lile la kiwandani: jina ni admin, neno la siri ni admin. Nilibadili la waifai nikadhani nimemaliza, kumbe ni milango miwili. Mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kilizunguka dunia kikibisha kwenye kamera na rauta kwa jozi 60 na ushee tu za majina na maneno ya siri ya kiwandani, kikateka vifaa laki kadhaa. Tarehe 21 Oktoba vifaa vilivyotekwa hivyo vilitumika kuilemea kampuni ya Dyn ya Marekani, na kwa saa kadhaa watu wengi hawakuipata Twitter wala Netflix. Wenye vifaa walikuwa wamelala, hawana habari.

Mwizi akishika mipangilio, bando lako si kitu kwake. Fikirini pale Mnazi Mmoja, barabara itokayo Lindi inapogawanyika, huku Masasi, huku Mtwara. Mtu akigeuza kibao usiku, dereva mgeni anayekwenda Mikindani atashtukia yuko Nyangao. Ndani ya rauta kibao hicho kinaitwa DNS. Ndicho kinachoionyesha simu yako benki iko wapi. Kikigeuzwa, unaandika jina la benki yako sawasawa, unapelekwa kwenye ukurasa wa kughushi, na hela ya korosho ya msimu mzima iko kwenye akaunti hiyo. Kivinjari kikikuonya kwamba ukurasa si salama, usibonyeze kuendelea hata ukiwa na haraka ya namna gani. Rudi.

Ukiona rauta imechezewa, kuizima na kuiwasha hakutoshi. Mirai ilitoka kwa kuzima, ikarudi upesi neno la siri lilipoachwa lilelile. Tafuta kitundu cha nyuma, kibonyeze kwa sindano mpaka taa zote zizime na kuwaka upya. Kisha badili maneno ya siri yote mawili, sasisha programu ya rauta, chagua ulinzi wa waifai wa WPA2 au WPA3, na uzime WPS, ile njia ya kuunganisha kifaa kwa namba, kwani tangu mwaka 2011 inajulikana kwamba namba yake ya tarakimu nane hukisiwa kwa saa chache.

Nao majirani? Siwafundishi uchoyo. Nyumba zetu zina baraza. Mgeni huketi pale, akanywa kahawa, wala hafiki chumbani. Rauta nyingi nazo zina mtandao wa wageni, uliotengwa na vifaa vyako. Uwashe huo.

Nilirudi kwa jirani, nikamwomba kijana radhi mbele ya mama yake, palepale nilipomtuhumu. Mtandao wa wageni wa nyumbani kwangu nimeuita Barazani, na neno lake la siri nilimwandikia kwa mkono wangu.