Mahakama ikitupa kesi ya uchaguzi, imesema nini?

KILA baada ya uchaguzi husikika kauli mbili. Aliyetangazwa mshindi husema: "Mahakama imetupa kesi, haki imethibiti." Aliyeshindwa naye husema: "Nilijua tu, majaji ni wao." Zote mbili ni kauli za haraka. Ndugu msomaji, kabla ya kushangilia au kulaumu tuulize kwanza kesi imetupwa kwa sababu gani, maana kesi hazitupwi kwa namna moja.

Iko kesi ambayo haipokelewi kabisa. Ibara ya 41(7) ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inasema mgombea akishatangazwa na Tume kuwa amechaguliwa kuwa Rais, hakuna mahakama yoyote itakayochunguza uchaguzi wake. Hapa kumlaumu jaji ni kumwonea, kwani naye kafungiwa mlango. Wakili Jebra Kambole aliipeleka ibara hiyo mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, na Julai 15, 2020 mahakama hiyo ikaamua kuwa inakiuka Mkataba wa Afrika, ikiwemo haki ya mtu kusikilizwa. Kwa hiyo mtu asijivunie kwamba ushindi wa urais haukuwahi kutenguliwa na mahakama zetu. Hakuna aliyeruhusiwa kuupima.

Iko pia kesi inayoishia kizingitini. Kenneth Matiba wa Kenya, aliyepatwa na kiharusi alipokuwa kizuizini, alipinga ushindi wa Rais Moi wa mwaka 1992. Kesi ikatupwa kwa sababu hati ilisainiwa na mkewe kwa niaba yake badala ya mkono wake mwenyewe, mkono ambao maradhi yalikwishaudhoofisha! Hapa kwetu, Aprili 2012 Mahakama Kuu ilitengua ubunge wa Godbless Lema wa Arusha Mjini kwa madai ya lugha ya matusi kwenye kampeni. Desemba mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikamrudishia kiti, ikisema wapiga kura waliofungua shauri hawakuwa na haki ya kulifungua, kwa kuwa haki zao wenyewe hazikuvunjwa. Tazama basi: Matiba alikuwa wa upinzani na akashindwa, Lema alikuwa wa upinzani na akashinda. Kwa wote wawili swali la msingi, nini hasa kilitendeka, halikuwa ndilo lililoamua kesi.

Na kizingiti kingine ni fedha. Mwaka 2002, katika shauri la Ndyanabo, Mahakama ya Rufani ilifuta sharti la kuweka dhamana ya shilingi milioni 5 kabla ya kusikilizwa, kwa kuwa lilimfungia maskini mlango. Sheria ikarekebishwa, dhamana ikarudi kwa sura ya kiwango kisichozidi milioni 5 kwa kila mlalamikiwa, na ruhusa ya kuomba kupunguziwa. Wakiwa watatu, ni hadi milioni 15. Mimi nafundisha dini huku Mofu, bonde la Kilombero, ambako fedha ya mtu ni mpunga wake. Mkulima akiamini kura yake imechezewa, atauza mashamba mangapi?

Kisha iko kesi iliyosikilizwa, ikapimwa, ikaonekana haina uzito. Hii ndiyo inayostahili kukubaliwa hata kama inauma. Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba watu hawapewi wanachodai kwa kudai tu, mwenye kudai ndiye alete ushahidi. Septemba 5, 2022 majaji wote saba wa Mahakama ya Juu ya Kenya waliyakataa madai ya Raila Odinga dhidi ya ushindi wa William Ruto, ingawa tofauti ilikuwa kura 233,211 tu. Walikuwa wamezifungua fomu na kuwasikiliza mawakili kwa siku kadhaa. Hoja ya "majaji ni wao" hapo inahitaji zaidi ya hasira.

Lakini kanuni hiyo ya ushahidi ina upande ambao wakubwa wetu hawapendi kuutaja. Mahakama zetu kwa miaka mingi zimedai ushahidi usioacha shaka, kama kwenye kesi ya jinai, tena uonyeshe kuwa kasoro ziliathiri matokeo. Sheria ya Uchaguzi ya 1985 ilitoa siku 30 za kufungua shauri. Sasa ushahidi wenyewe unakaa kwa nani? Fomu, masanduku na kompyuta viko kwa msimamizi, ambaye ndiye mlalamikiwa. Wanafunzi wangu waliniuliza: wakala aliyetolewa kituoni kabla ya kuhesabu atapata wapi nakala ya matokeo? Swali zuri kuliko majibu mengi niliyosoma magazetini. Mdai wa deni huambiwa alete hati yake. Haambiwi alete hati iliyofungiwa kabatini kwa mdaiwa.

Wakenya walilijibu mwaka 2017. Mahakama yao iliamuru Tume ifungue seva zake zikaguliwe, Tume haikutii ipasavyo, na kutotii huko kukahesabiwa dhidi yake. Septemba 1, kwa majaji wanne dhidi ya wawili, ushindi wa Uhuru Kenyatta ukatenguliwa.

Mtume (s.a.w.) alitahadharisha pia kwamba yeye huhukumu kwa anayoyasikia, na kwamba atakayepewa kwa hukumu hiyo haki ya nduguye amekatiwa kipande cha moto. Ikiwa hukumu ya Mtume mwenyewe haikumhalalishia mtu kisicho chake, aliyeshinda kwa saini iliyokosekana au kwa ibara ya 41(7) amehalalishiwa na nani?